Chenso ya baba inapandisha moto yenyewe: usianze na kabureta

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mufindi, upande wa Igowole. Marehemu baba alituachia chenso, Stihl 070, aliyokuwa akipasulia mbao tangu mimi mdogo. Imekaa stoo tangu 2016. Nimebadilisha plagi, nimemwaga mafuta ya zamani na kuweka mapya. Asubuhi inawaka na kukata vizuri kama dakika kumi. Baada ya hapo inapandisha moto yenyewe hata nikiachia triga, inalia kwa sauti nyembamba, kisha inazima na haiwaki mpaka ipoe karibu nusu saa. Fundi mmoja amezungusha skrubu za kabureta mara tatu, haikusaidia. Sasa anasema ninunue silinda na pistoni mpya au niiuze chuma chakavu. Sitaki kuiuza. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kamwene. Mungu amrehemu mzee.

Kabla hatujashika spana: kuanzia leo usiiwashe tena mpaka tujue hewa inaingilia wapi. Hiyo sauti nyembamba inayopanda bila wewe kugusa triga, vijana wengi huku kwetu huifurahia, wanasema mashine imechanganya. Inakufa. Injini ya tu-stroki haina oili yake ya peke yake kama gari. Oili yote inayoilainisha imo ndani ya petroli. Hewa ikipenya mahali isipotakiwa, petroli inakuwa haba kwa hewa ile, moto ndani ya silinda unakuwa mkali, na oili inapungua wakati uleule mzunguko umepanda. Pistoni inavimba, inasugua ukuta wa silinda, inakwanguka. Dakika moja ya kelele hiyo inatosha kuigeuza kazi ya sili mbili (mipira ya kuzuia hewa) kuwa kazi ya kutafuta silinda.

Ikikutokea tena, kwa mashine yoyote, zima swichi. Swichi za mashine kongwe mara nyingine hazikati. Hapo vuta choki hadi mwisho. Petroli itaimwagikia injini nyingi kuliko inavyoweza kuchoma, itazima, na ile oili iliyomo itailainisha inapomalizia mizunguko yake.

Kuhusu kuiuza chuma chakavu, nakuunga mkono usiiuze. Stihl walitoa Contra mwaka 1959, mashine isiyo na giaboksi iliyobadilisha kabisa kazi ya msituni, na 070 ni ya ukoo huohuo: sentimita za ujazo 106, zaidi ya kilo 10 kabla hujafunga baa na cheni. Imeundwa kuzunguka polepole kwa nguvu nyingi, na ndiyo sababu wapasua mbao kuanzia Sao Hill mpaka Njombe na Makete wanaing'ang'ania hadi leo. Vipuri vinapatikana, vingi vya kuiga, lakini vinapatikana. Mashine kama hiyo haitupwi kwa sababu ya mpira uliokauka.

Na mimi naamini ni mpira uliokauka. Krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, inatoka nje ya injini pande mbili, upande wa flaiwili (gurudumu zito lenye mapezi) na upande wa klachi, na kila upande una sili ya mpira inayoibana isipitishe hewa. Kwa miaka yote hiyo stoo, midomo ya zile sili imekaa mahali pamoja, bila mafuta, ikakauka ikawa kama kucha. Injini ikiwa baridi zinabana kidogo. Ikipata moto, chuma kinatanuka, mpira mgumu haukifuati, hewa inapita. Ndiyo zile dakika kumi zako. Fundi aliyezungusha skrubu alikuwa anajaribu kuongeza petroli ili ilingane na hewa ya wizi, na hewa ya wizi haina kipimo. Inabadilika kila injini inavyopata joto. Hata angezungusha mara thelathini.

Hilo la kukataa kuwaka ikiwa ya moto huenda ni ugonjwa mwingine kabisa, umejificha nyuma ya huu wa kwanza. Nitalifikia.

Anza kwa kuona pistoni. Fungua eksozi, ni bolti chache tu, uvute kamba polepole mpaka pistoni ionekane kwenye tundu. Usitegemee mwanga wa mlangoni, tumia tochi ya simu, uiinamishe ili mwanga upite pembeni ya pistoni badala ya kuipiga uso kwa uso. Pistoni nzima inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, na ukitazama kwa makini utaona mistari myembamba ya kulala, imezunguka, ya tangu kiwandani. Iliyoanza kunoki (kukwanguka na kukwama) ina michirizi ya kusimama, kijivu, upande huohuo wa eksozi, na ringi inaonekana kama imepakwa risasi mahali fulani. Pitisha ukucha. Ukucha usipokwama, pistoni hiyo bado ina maisha. Ukikwama lakini ringi bado inacheza ndani ya mfereji wake, kuna matumaini: mara nyingi alumini ya pistoni ndiyo imegandia kwenye kromu ya silinda, na inaweza kuondolewa bila kununua silinda. Ringi ikiwa imegandamana kabisa, au kromu imebanduka ukaona rangi nyingine chini yake, hapo fundi wako atakuwa amesema kweli, ingawa alisema bila kuangalia.

Pima na kompresheni. Njia ya msituni ni kuiinua mashine kwa mpini wa kamba ya kuwashia, uiache ining'inie kwa uzito wake. Mashine nzito kama hiyo yenye ringi nzima hushuka kwa kusitasita, inasimama, inashuka, inasimama. Ikiteremka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ringi zimechoka. Ukiazima geji, fungua triga yote na vuta kamba mpaka mshale usimame. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya mashine havikuandikiwa sisi: Mafinga ipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Njombe karibu mita 2,000, na huku juu hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Geji nayo itasoma chini kwa kiasi hichohicho. Mashine inayotoa psi 150 pwani itakupa 120 kwenu na ni nzima kabisa. Nimeona silinda nzuri zikitupwa kwa sababu mtu alilinganisha namba ya Mafinga na namba ya kitabu. Chini ya 90 kwa huko kwenu, hapo ningeanza kuzitilia shaka ringi.

Sasa hewa. Kabla ya kuzilaumu sili, kaza nati za kabureta na bolti za silinda. Nimeshawahi kufungua injini nzima kumbe nati moja ya kabureta inazungushwa kwa vidole. Angalia pia gasketi kati ya kabureta na silinda. Ikiwa na doa jeusi lililolowa mafuta ukingoni, hewa inapita hapo.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo natamani kila fundi wa chenso nyanda za juu alijue, maana halihitaji karakana. Tafuta kipimo cha presha cha mkono, kile cha zahanati chenye mpira wa kubonyeza na saa ya mshale. Ondoa kitambaa, unachohitaji ni mpira, saa na mpira mrefu. Ziba tundu la eksozi kwa kipande cha tyubu ya gari, urudishie eksozi juu yake uikaze. Toa kabureta, ziba mlango wake kwa tyubu na kibati ulichotoboa mahali pa bolti, na kwenye kibati hicho pitisha mrija mdogo uungane na mpira wa kipimo. Plagi ibaki imefungwa, na pistoni iwe juu kabisa ili hewa ipate njia ya kuingia kwenye krenki kesi, chumba cha krenki chini ya silinda. Jaza hewa taratibu mpaka mshale ufike 250. Usizidishe sana, sili nzima inaweza kugeuka mdomo.

Tazama mshale. Injini nzima itakaa pale dakika nzima au itashuka kidogo mno. Ikishuka upesi, chukua brashi ya kunyolea ndevu, povu zito la sabuni, upake kila maungio: chini ya silinda, kwenye plagi, kwenye kibati chako chenyewe (hapo ndipo wengi hudanganyika), halafu nyuma ya flaiwili na nyuma ya klachi. Kaa kimya na usikimbilie. Tundu kubwa hutoa povu mara moja, lakini sili iliyochoka hutoa kiputo kimoja kidogo, kinavimba mpaka ukubwa wa punje ya mtama, kinapasuka, kinafuata kingine palepale. Ukikiona umeshamaliza nusu ya kazi. Zungusha krenki robo na urudie, kwa sababu kutu ikiwa imekula shafti upande mmoja tu, hewa itatoka pistoni ikiwa mahali fulani na si pengine. Kuna sili zinazoshika hewa ikisukumwa kutoka ndani lakini zinaachia ikivutwa, kwa hiyo ukipata pampu ya kunyonya, ile ya kutolea hewa kwenye breki za gari, jaribu na upande huo. Mimi mashine iliyolala miaka mingi namna hiyo huibadilisha sili zote mbili hata kama ni moja inayovuja. Ya pili inasubiri zamu yake.

Kuzibadilisha. Klachi kwanza. Usiibane flaiwili kwa bisibisi kwenye mapezi yake, yanakatika na haliungwi pezi. Toa plagi, zungusha mpaka pistoni ipite tundu la eksozi ikielekea juu, kisha sukumia ndani kamba safi ya nailoni kama nusu mita, mkia ubaki nje. Pistoni itabana kwenye kamba na krenki itasimama bila kuumia. Klachi nyingi za chenso zina uzi wa kinyume, zinafunguka ukizungusha upande ambao kwa kawaida unakaza; tafuta mshale au maandishi juu yake kabla ya kutia nguvu. Flaiwili inatoka kwa pula (kifaa cha kuvutia), si kwa nyundo.

Sili ya zamani itoe kwa ndoano nyembamba ukiegemeza kwenye sili yenyewe. Usiiguse shafti. Mkwaruzo mmoja hapo utaikata sili mpya ndani ya wiki. Kabla ya kuweka mpya, shika ncha ya krenki uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha, na sili utakayoifunga juu ya beringi mbovu ni hela iliyotupwa. Ikiwa imara, pakaza grisi kwenye mdomo wa sili, funga nyuzi za shafti kwa kipande cha mfuko laini ili mdomo usichanike ukipita, uisukume iingie sawasawa kwa kipande cha bomba chenye upana wake.

Kwa kuwa flaiwili umeshaitoa, sasa tuutazame ule ugonjwa wa pili. Ikiwa ya baba ni ya platini (vichwa viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke), na nyingi za umri huo ni za platini, utazikuta hapo nyuma ya flaiwili pamoja na kondensa na koili. Unyevu wa masika na ukungu wa Mufindi huacha utando wa kijivu kwenye vichwa vya platini. Usitumie msasa wa mbao. Pitisha kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa spiriti, vuta, rudia kwa karatasi kavu mpaka itoke nyeupe. Zikiachana kwa upana wa mwisho, filageji (kibati cha kupimia nafasi) ya milimita 0.35 mpaka 0.40 ipite ikigusa pande zote mbili. Nafasi ikiwa kubwa au ndogo kuliko hapo, unabadilisha pia wakati wa cheche, na mashine ya ukubwa huo ikiwahi kulipuka itakurudishia kamba na vidole.

Kondensa na koili zina tabia mbaya ya kuwa nzima zikiwa baridi. Huwezi kuzijua mezani. Ukishamaliza sili na mashine iko salama kuwashwa, iache ipate moto kwa kazi. Ikizima yenyewe, hapo hapo, kabla haijapoa, chomoa plagi uliyoifunga, chomeka waya kwenye plagi nyingine uliyoiweka tayari mfukoni, igusishe chuma cha silinda mbali na tundu la plagi, maana mvuke wa petroli unatoka pale na unashika moto, uvute kamba ukiwa kivulini. Cheche ya buluu inayosikika ikipiga ni nzuri. Nyekundu, nyembamba, au hakuna kabisa, na kesho asubuhi ipo: badilisha kondensa kwanza kwa sababu ni ya bei ndogo, kisha koili. Cheche ikiwepo, itazame ile plagi uliyochomoa. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Jaribu kulegeza mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na mashine ikakubali kuwaka, tundu la kupumulia la tangi limeziba, na umepata dawa bila kulipa hata senti.

Kabureta ndiyo ya mwisho. Ifungue, ibadilishe diaframu na gasketi zote kwa seti mpya hata kama zinaonekana nzima. Diaframu iliyolala na petroli kavu haipindi tena. Ishike kwa vidole viwili uitikise karibu na sikio, ikitoa sauti kama karatasi ya pipi imekwisha. Mpira wa mafuta kutoka kwenye tangi nao ubadilishe. Skrubu zote mbili, ya L (mzunguko wa chini) na ya H (mzunguko wa juu), zifunge taratibu mpaka ziguse bila kukaza, uzifungue mzunguko mmoja mmoja. Kutoka hapo rekebisha mashine ikiwa ya moto na chujio la hewa likiwa safi. L mpaka ikubali triga bila kusita. H iache upande wa petroli nyingi kidogo: bila mzigo, moto wote (triga yote), isikike ikikoroma kama inameza maji, na koromo hilo lipotee mara tu cheni inapoingia kwenye mti. Baadhi ya kabureta za mashine hizi kubwa za zamani zina gavana ndani, inayoongeza petroli mzunguko ukizidi, kwa hiyo koromo litakuwepo hata kama umekaza H kupita kiasi. Usimuamini mtu anayekaza mpaka sauti iwe safi. Kwenye kupasua mbao mashine inakaa moto wote dakika nzimanzima, si kama kuangusha mti mmoja, na hapo ndipo H iliyokazwa inaua.

Na hili nakuomba ulishike, kwa sababu limeniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilimrekebishia mteja mashine yake hapa Makambako, ikakoroma vizuri, akaridhika, nami nikaridhika. Wiki iliyofuata akapanda treni ya TAZARA akateremka nayo Mlimba, bondeni Kilombero, kupasua mbao. Sikumuuliza anakwenda wapi. Bondeni hewa ni nzito, skrubu zilikuwa zimepangwa kwa hewa nyepesi ya huku juu, petroli ikawa haba kwa hewa ile. Siku ya pili pistoni ilinoki. Nilimlipia pistoni kwa sababu kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nauliza kila mtu mashine inakwenda kufanya kazi wapi, na anayeteremka Kilombero au Kyela namwonyesha kwa mkono wake mwenyewe jinsi ya kufungua H kidogo akifika, na kuikaza tena akirudi.

Mafuta: tumia oili ya 2T (ya injini za tu-stroki) pekee, usiweke oili ya gari. Mashine za umri huo zilizoea sehemu moja ya oili kwa 25 za petroli, yaani mililita 200 kwenye lita 5. Kwa oili nzuri ya sasa watu hushuka mpaka mililita 100, lakini kwa injini iliyotoka kufunguliwa mimi hubaki kwenye 200 kwa matangi ya mwanzo. Changanya kwenye dumu, utikise, ndipo umimine. Oili chafu ya gari usiiweke kwenye tangi la cheni, ina vumbi la chuma linalokula pampu na baa, na yote inaishia kwenye udongo wa shamba lenu.

Jambo la mwisho, na hili si la injini. 070 ya wakati ule haina breki ya cheni wala raba za kuzuia mtetemo. Ncha ya baa ikigusa gogo lingine, mashine itakurukia usoni na hakuna kitakachoisimamisha. Baba aliijua kwa miaka, wewe ndiyo unaanza. Miezi ya mwanzo ifanyie kazi ya kupasua magogo yaliyolala tu, miguu ikae pembeni ya njia ya cheni, ukae na mwenzako karibu, na upumzishe mikono kila tangi likiisha. Ukiona vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi asubuhi ya baridi, mtetemo umeanza kuharibu mishipa, punguza saa za kazi mara moja. Cheni yake huwa ya inchi .404, tupa yake ni ya duara milimita 5.5.

Fungua eksozi leo jioni. Niandikie ukucha umekwama au haukukwama, geji imesoma ngapi, na mshale wa kipimo cha presha umeshuka kutoka 250 hadi ngapi ndani ya dakika moja. Kwa hayo matatu nitakuambia ununue nini, na usinunue chochote kabla ya hapo.